Maji ya Kutazamwa

Kuna mambo mawili ambayo mtu wa Makueni hawezi kumweleza mwenziwe akaeleweka. La kwanza ni kwa nini tunaendelea kupanda mahindi kila mwaka. La pili ni langu peke yangu: kwa nini sebuleni kwangu hapa Kibwezi kuna lita 400 za maji ambazo si za kunywa, si za kufulia, wala si za mbuzi. Ni za kutazamwa.

Huku kwetu mtu hahitaji kipimo ili ajue chombo kinabeba kiasi gani. Hukitupia jicho tu, na jibu haliji kwa lita. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alipoliona tangi langu la samaki mara ya kwanza hakuuliza samaki ni wa aina gani wala walitoka wapi. Alilizunguka polepole, mikono mgongoni, akasafisha koo, akatoa hukumu: "Punda watano." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20, na mitungi yote 20 ilikuwa pale mbele yake nyuma ya kioo, huku samaki wa manjano wakifukuzana ndani yake kana kwamba maji hayanunuliwi.

"Ni serikali imekupa?" akauliza.

Swali hilo lilikuwa na mizizi. Mwaka 2009 serikali iliingiza ufugaji wa samaki katika mpango wake wa kuchochea uchumi, ikapanga mabwawa 200 kwa kila eneobunge kati ya maeneobunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Ukambani nako tukashika majembe, japo wengi wetu samaki tuliyemfahamu vizuri ni yule wa mkebe. Mwalimu naye alichimba lake. Lakini shamba lake ni kichanga kitupu. Maji yaliingia asubuhi, jioni yakawa yameshakwenda zao, na shimo lile tangu hapo ni mahali mbuzi wake wanapokimbilia upepo ukizidi.

"Hapana, mwalimu. Nimenunua mwenyewe."

Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyewahi kufiwa na bwawa. "Basi wataliwa lini?"

Hawaliwi. Ni mbuna, samaki wadogo wa miambani kutoka Ziwa Nyasa, ambalo wenzetu wa Malawi huliita kwa jina la nchi yao. Niliwachagua kwa sababu moja tu. Maji ya visima vingi vya Kitui na Makueni ni magumu: yana chokaa, yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, sabuni inakataa kutoa povu, na chai inatoka na ladha inayomfanya mgeni kutoka Nairobi aulize kama majani ni ya zamani. Mbuna wamezaliwa katika maji ya namna hiyo hiyo, yenye madini na pH ya 8 hivi. Hao ndio wakazi pekee wa kaunti hii ambao sijawahi kuwasikia wakilalamikia maji ya kisima.

Kwa hiyo samaki hawakunisumbua. Kilichonisumbua ni mabomba.

Samaki akila hunya, na kinyesi chake pamoja na kile kinachotoka kwenye matamvua yake huleta amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti, na wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa, lakini bakteria hao wanataka makazi: sponji, kokoto, vipande vya mfinyanzi. Badala ya kurundika vitu hivyo mbele ya macho ya wageni, wafugaji huweka tangi la pili mahali pa chini, wakaliita sampu. Maji ya juu yanamwagikia huko yenyewe, yanapita kwenye sponji na kokoto, kisha pampu inayarudisha juu. Kwa kawaida sampu hukaa kwenye kabati chini ya tangi. Mke wangu aliweka msimamo wake mapema: samaki atawaona, mabomba hatayaona, kelele hataisikia, na ndani ya kabati lile zitakaa sahani zake za wageni. Basi sampu, ambayo kwangu ni pipa, ikahamia stoo, nyuma ya jikoni, mita tisa kutoka sebuleni.

Wazo la kuficha maji mbali na watazamaji si langu. Mwaka 1871 lilifunguliwa jumba la samaki la Crystal Palace, London, na mtu aliyelibuni, William Alford Lloyd, alijenga chini yake hifadhi ya maji ya bahari iliyokuwa kubwa mara kadhaa kuliko matangi yote yaliyoonyeshwa juu. Ilikuwa gizani makusudi. Lloyd aliamini kwamba pasipo mwanga mwani haukui, na maji hubaki safi na baridi. Pampu za mvuke ziliyazungusha usiku na mchana. Ukisoma habari zake unaona ni jambo jepesi kabisa. Yeye alikuwa na injini za mvuke na wahandisi. Mimi nilikuwa na stima ya Kibwezi na fundi mmoja.

Tangi lenyewe lilitengenezwa Kitui mjini, na fundi wa madirisha ya aluminiamu aliyependekezwa na shemeji yangu kwa maneno haya: "Huyo kioo kinamwogopa." Kazi ilikuwa kuunganisha vioo vitano kwa silikoni na kutoboa tundu moja kwenye kioo cha chini, ambamo maji yangeteremkia kuelekea sampu. Kwa kile cha chini fundi alikuwa amepata kioo kinene, kizuri, kwa bei nafuu, kilichotolewa kwenye mlango wa bafu. Aliweka biti ya almasi, akamwagia maji kidogo, akaanza kutoboa taratibu kama inavyotakiwa.

Vioo vya milango ya bafu huchomwa hadi zaidi ya nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi, ili upande wa nje ujibane na wa ndani uvutike. Ndiyo maana mtu akiteleza akakigonga kwa kisogo kinastahimili. Lakini hakitobolewi. Ukivuka ile ngozi yake ya nje, nguvu yote iliyofungiwa humo inatoka kwa pamoja. Hatukusikia mlio wa kupasuka. Tulisikia kishindo kimoja, na mahali palipokuwa na kioo pakawa na rundo la punje ndogo ndogo, na fundi ameinama juu yake, mashine bado inazunguka hewani. Alizima. Akatafakari. "Hiki," akasema, "kilikuwa na kasoro." Shemeji akaitikia kwa kichwa, mtu wake amethibitishwa. Kioo cha pili kilikuwa cha kawaida, na kikatobolewa bila neno.

Kutoka Kitui hadi Kibwezi siku hizi ni lami: unapita Ikanga, Mutomo, Ikutha, halafu unavuka Mto Athi na uko nyumbani. Tangi tupu lilikuwa na uzito wa kilo 80 hivi, kwa hiyo nikakodi nafasi ya nyuma kwenye Probox. Dereva alilipima kwa macho, akasema linachukua nafasi ya abiria wanne, nilipie wanne. Nikalipa. Kumbe kwa dereva wa Probox nafasi iliyolipiwa na nafasi iliyojaa ni mambo mawili tofauti. Ikanga alipanda mama mwenye kigunia cha ndengu. Ndengu zikaingia ndani ya tangi. Mutomo alipanda mzee mwenye kuku. Kuku akaingia ndani ya tangi, miguu imefungwa, akakaa juu ya ndengu. Ikutha akapanda mvulana anayerudi shuleni. Sanduku lake likafungwa juu ya gari, na yeye mwenyewe akaombwa kwa upole aingie humo humo, ampakate kuku ili asiharibu ndengu.

Karibu na daraja la Athi palikuwa na kizuizi cha polisi. Afisa alizunguka gari, akafika nyuma, akainama.

"Hii ni nini?"

"Ni tangi la samaki, afande."

Alimtazama mvulana. Mvulana akamtazama yeye. Kuku akawatazama wote wawili kwa zamu.

"Na samaki wako wapi?"

"Bado, afande."

Akafikiri kwa muda, nadhani akitafuta kifungu cha sheria. "Haya, endeni."

Fundi wangu wa mabomba ni kijana hodari, na nasema hivyo bila kejeli. Nusu ya matangi yaliyoinuliwa juu ya minara hapa mjini ameyafunga yeye. Lakini hapo ndipo tatizo lilipotokea. Maji aliyozoea ni maji ya mnarani, yanayoshuka kwa nguvu na kwenda popote bomba linapokwenda: yakiambiwa panda, yanapanda, yakiambiwa zunguka choo, yanazunguka. Maji yanayomwagika kutoka tangi la samaki hayana nguvu hiyo. Yanajua kuteremka tu. Nilimpa mchoro uliokuwa na bomba likishuka kidogo kidogo, sentimita mbili kila mita, hadi stoo. Mke wangu akauona mchoro, akaona bomba limekatiza kizingiti cha mlango wa jikoni, akasema watu watajikwaa.

"Hilo si neno, mama," fundi akamjibu. "Tutalipitisha juu ya mlango."

Nilipinga kwa maneno yote niliyokuwa nayo, lakini katika nyumba ile tulikuwa watu watatu na kura zikawa mbili kwa moja. Akachomelea bomba la plastiki la PPR kwa ile mashine yake ya moto, jeupe, limenyooka, likapanda ukutani, likavuka juu ya fremu ya mlango na kushuka upande wa pili. Hakuweka yunioni hata moja. Nilimuuliza tutalifunguaje siku likiziba. "Bosi," akasema, akipangusa jasho, "yunioni ni za watu wanaotarajia kuharibikiwa."

Tukawasha pampu. Maji yakapanda kutoka pipani, yakaingia tangini, yakajaa hadi ukingo wa kuchujia, yakaanza kuteremka kwenye tundu kwa sauti tamu. Yakaingia bombani. Yakapanda bomba hadi kimo kile kile cha maji yaliyokuwa tangini, kama mita moja na robo tatu ukihesabu kutoka chini ya stoo, na hapo yakasimama. Mlango ulikuwa bado uko juu yao mbali sana, nayo hayakuona sababu ya kuufuata. Pampu, ambayo haikuwa imearifiwa kuhusu haya, iliendelea kuleta mengine. Yakafika mdomo wa tangi. Yakaanza kutiririka kwenye kioo cha mbele, taratibu, kwa heshima, yakaingia kabatini na kuziosha sahani za wageni moja baada ya nyingine.

Fundi aliweka kiganja kwenye bomba, akafumba macho. "Kuna hewa," akasema.

Ukiishi Kenya utaambiwa "kuna hewa" na kila fundi wa mabomba utakayemwita, iwe mfereji hautoi maji, choo hakishuki au heta imegoma. Safari hii, kutoka pale maji yaliposimama hadi stoo, ndani ya bomba hakukuwa na kitu kingine chochote isipokuwa hewa, kwa hiyo siwezi kusema alikosea. Bomba likakatwa kwa msumeno, maana yunioni hazikuwepo. Likapitishwa chini ya kizingiti, kwenye mfereji uliochimbwa katika saruji na kufunikwa kwa vigae. Hakuna aliyejikwaa mpaka leo.

Mfumo ukafanya kazi, na kwa muda nikawa mtu mwenye furaha. Jioni nilikaa mbele ya kioo nikiwaza jinsi maji ya Tana yanavyoangushwa Kiambere, ukingoni mwa Kitui, kwenye mitambo iliyoanza kazi mwaka 1988, stima ikaingia kwenye nyaya za nchi nzima, ikafika Kibwezi, ili mwisho wa safari hiyo yote maji mengine yainuliwe kimo cha mtu mfupi. Sijui kama wahandisi wa Kiambere wangefurahi kujua.

Kisha mama mkwe akaja kukaa nasi, akitibiwa magoti.

Kwa mila za Kikamba, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli vichakani. Siku hizi mambo yamelegea. Mama mkwe wangu hajalegea. Yeye anatoka upande wa Mutomo, na katika miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Husema na binti yake, nami nikiwa hatua mbili kutoka hapo, na mimi humjibu kupitia njia hiyo hiyo. Ni mpango unaozuia ugomvi mwingi na ningeupendekeza kwa wengine.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya tangi akiwa amejifunga leso zake mbili, akalitazama kwa kitambo. "Mwambie mume wako," akasema, "maji hayawekwi mahali jua linapoyaona."

Mama amekulia kwenye mito ya mchanga. Mito kama Tiva na Thua hupitisha maji kwa kishindo mvua zikinyesha, halafu miezi mingine yote ni mchanga mtupu ambao mgeni anaweza kudhani ni barabara. Maji hayajakwenda popote, yako chini. Unachimba, unasubiri shimo lijikusanye, unateka kwa kata. Bwawa la mchanga linatumia ujanja huo huo: ukuta wa zege unajengwa juu ya mwamba kuukata mto, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, na hadi theluthi moja hivi ya rundo hilo lote, nafasi zilizo kati ya chembe na chembe, inakuwa maji. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani humo, ng'ombe hawayakanyagi. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na wanavijiji wa Kitui wamejenga mabwawa ya namna hiyo kwa mamia. Mama mwenyewe alibeba mawe ya mojawapo. Alipoelezwa kwamba maji mengine ya samaki yamefichwa gizani nyuma ya jikoni, na kwamba huko ndiko yanakosafishwa, alisema jambo jema la kwanza kunihusu ambalo nimewahi kulisikia kwa masikio yangu. "Kumbe ana akili kidogo."

Sifa hiyo ilidumu hadi stima ilipopotea.

Ilikuwa usiku wa manane. Pampu ikanyamaza, na pampu ikinyamaza mambo mawili hutokea. Yale maji yaliyokuwa njiani kwenye bomba la kuteremkia yanamalizikia pipani. Hayo ni kidogo. La pili ni kwamba bomba la kurudishia, ambalo dakika moja kabla lilikuwa likisukuma maji juu, linaanza kuyanyonya kuyarudisha chini, kwa sababu mdomo wake umezama tangini na upande wake wa pili uko chini kuliko tangi. Litanyonya hadi mdomo huo utoke nje ya maji. Fundi alikuwa ameuzamisha sentimita 20 "ili usipige kelele". Tangi lina urefu wa sentimita 150 na upana wa 50. Zidisha mwenyewe: lita 150. Pipa la stoo lilikuwa limebakiza nafasi ya lita 60.

Lita 90 zilizobaki zilianza kuelekea kwenye magunia ya stoo.

Mimi nilikuwa nimelala. Lakini hakuna mtu wa Mutomo anayeweza kulala maji yakimwagika, hata yawe ya nani. Nilipofika stoo na tochi ya simu nilimkuta Mama tayari yuko kazini, gizani, magoti yake yamepona kwa dharura, amepanga mabeseni, sufuria, karai na ndoo ya kuogea mtoto, anachota sakafuni kwa kikombe na kujaza kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimevaa bukta. Mbele ya mama mkwe. Aliugeukia ukuta wa mashariki, nami nikaugeukia wa magharibi, na katikati yetu maji yakaendelea na safari.

"Mwambieni mwenye nyumba," Mama akauambia ukuta, "alete ndoo nyingine."

"Mwambieni Mama," nikauambia ukuta wangu, "zimekwisha."

Mke wangu alipotufikia, taa ya kandili mkononi, alitukuta hivyo, migongo imeelekeana, tukijadiliana na kuta kuhusu ndoo. Hajawahi kutoa maoni yoyote juu ya usiku ule na sitamwomba ayatoe. Mama aliokoa maji mengi kuliko nilivyodhani inawezekana. Gunia moja la ndengu halikuokoka, na siku chache baadaye tulikuwa tunakula ndengu zilizochipua katika kila mlo.

Asubuhi kesi ikasikizwa. Fundi aliitwa. Alipendekeza valvu ya kuzuia maji kurudi, na akaieleza vizuri sana, ila nilishasikia kutoka kwa wafugaji wengine kwamba chembe moja ya mchanga au konokono mmoja akikaa kwenye kifuniko chake, valvu hiyo inabaki wazi na huna habari. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza binti yake, "Kwani tukivuta maji ya tangi la mvua kwa mpira, mpira unaachaje kunyonya?"

"Tunainua mdomo wake, Mama. Unaingia hewa."

"Basi."

Alikwenda jikoni, akachomeka msumari kwenye makaa, na ulipokuwa mwekundu akamkabidhi fundi, akamwonyesha kwa kidole mahali kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji. Fundi akachoma tundu. Sasa stima ikipotea, maji yanashuka kwa upana wa kidole, tundu linafunuliwa, hewa inaingia, mnyonyo unakatika. Pipa halimwagiki. Ni kinga ile ile ambayo vitabu vya ufugaji wa samaki huichorea michoro ya kurasa mbili. Udhaifu wake ni kwamba mwani huweza kuliziba, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai Mama alikuwa akilizibua kwa kijiti cha meno, bila kutumwa na mtu. "Hewa," fundi akasema tulipolijaribu, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimtoka kwa furaha.

Mama hakuishia hapo. Pipa, alisema, lizikwe. Maji yakizikwa hubaki baridi. Nilikuwa na hoja ya kiufundi dhidi yake, lakini kuipeleka hoja ya kiufundi kwa mama mkwe kupitia kwa mke ni kazi inayohitaji afya nzuri, basi pipa likazikwa. Hoja yenyewe ilikuwa hii: pampu iliandikwa lita 3,000 kwa saa, na wauzaji hawakwambii kwamba hizo ni pale ambapo haipandishi maji popote. Iliandikwa pia mita 3, na hapo ndipo inapoishiwa kabisa. Kati ya namba hizo mbili kila sentimita ya kupanda inakula sehemu ya maji yako, na kila elbo ya fundi inakula nyingine. Kabla ya maziko pampu ilikuwa inapandisha maji mita moja na kidogo. Baada ya maziko zilizidi mbili. Kilichotoka kwenye bomba sebuleni kilikuwa mkondo mwembamba, wa kusitasita, na sitasema ulifanana na nini kwa sababu Mama husomewa magazeti na wajukuu wake. Ikabidi ninunue pampu kubwa zaidi. Safari hii fundi aliweka yunioni mbili, kimya kimya, bila mimi kumuuliza.

Sauti nayo ikabadilika. Bomba linapopita chini ya kizingiti lina tumbo, na hewa inayojikusanya kabla ya tumbo hilo hutoka kwa mkupuo kila baada ya dakika kadhaa, kwa mlio mrefu unaotoka ardhini. Mhubiri mmoja aliyetutembelea aliukata mlio huo kwa maombi. Ukarudi. Akaendelea kwa sauti ya juu zaidi. Hatukuwa na ujasiri wa kumweleza, kwa kuwa alikuwa ameshaingia katika habari za Yona.

Kisha siku moja mke wangu akanipigia simu kazini. "Mama anasema mmoja amehamia jikoni."

Jike mmoja wa mbuna alikuwa amepenya kwenye ukingo wa kuchujia, akateremka kwenye tundu, akapita chini ya kizingiti na kutokea kwenye pipa, mzima, hana hata kovu. Mashavu yake yalikuwa yamevimba. Mbuna jike hutunza mayai mdomoni, na baada ya mayai hutunza vifaranga humo humo, wiki tatu hivi bila kula kitu cha maana. Habari hiyo ilipofasiriwa kwa Mama, aliacha alichokuwa akifanya. Mama aliyelea watoto saba katika miaka ya njaa hakuhitaji maelezo zaidi. Aliagiza samaki yule asiguswe. Wiki zikapita, na vifaranga wakatapakaa pipani, gizani, mahali pasipo na samaki mkubwa mwingine wa kuwameza, wakakua haraka kuliko ndugu zao wa sebuleni walio na taa na watazamaji.

Maji yanayotolewa sampu inapopunguzwa yamejaa nitreti, na nitreti ndiyo mchicha unayoitaka. Mama alianza na mistari miwili nyuma ya stoo. Akamwita fundi, akamtaka afunge mfereji kwenye bomba la sampu, na fundi, ambaye kwangu hudai malipo ya awali, akaufunga bure. Mistari ikawa sita. Mwalimu mstaafu akawa anapita kila jioni kuuliza hali ya magoti ya Mama na kuondoka na kifungu cha mchicha. Siku moja alisimama pale kwa muda mrefu, akayapima yale majani mapana, na akaanza kuzungumza juu ya lile shimo lake na kama mbuzi wangeweza kutafutiwa mahali pengine.

Shemeji alipokuja kumchukua Mama kumrudisha Mutomo, alitaka kujua, kwa utani wa mashemeji, kama vifaranga waliozaliwa chini ya uangalizi wa Mama wahesabiwe kwenye mahari. Mama aliona swali hilo ni la maana kabisa. Aliwachagua 12, wakatiwa kwenye mtungi wa lita 20 uliotobolewa kifuniko, akaupakata mwenyewe kwenye Probox.

Simu yake ilikuja juma lililofuata. Mke wangu akasikiliza, akaitikia, akaniangalia, akaitikia tena.

"Mama anasema samaki 12 ni wachache kwa shamba lake. Anasema umtumie wengine 20."

"Mwambie sawa."

"Na fundi."

"Fundi wa nini? Mutomo kuna mafundi."

Akasikiliza tena. "Anasema wale hawajui habari ya hewa."